Neno la Mwisho ni la Nani?

Mwezi Mei mwaka 2025 makadinali 133 walijifungia katika Kikanisa cha Sistina, Vatikano, kumchagua mrithi wa Papa Fransisko aliyefariki tarehe 21 Aprili. Mmoja wa wapiga kura hao alikuwa Kadinali Protase Rugambwa, Askofu Mkuu wa Tabora. Zilitakiwa kura 89, yaani theluthi mbili. Siku ya pili, tarehe 8, moshi mweupe ukafuka, na dunia ikatangaziwa Papa Leo XIV.

Wajukuu zangu, mtoto wa Tabora hapo lazima aulize maswali mawili. La kwanza: mtu wa huku kwetu anaingiaje katika kumchagua askofu wa Roma? Maana Papa, kabla ya mengine yote, ni askofu wa mji wa Roma. La pili: huyo askofu wa Roma naye anaingiaje Tabora? Nitayajibu yote mawili. Na nyinyi mnaokwenda madrasa kaeni papo hapo, hadithi hii haimbagui mtu. Ina barua za hasira, ina wageni walionyimwa mahali pa kulala, na ina padre mmoja mkorofi aliyezisumbua pwani mbili za bahari.

Swali la kwanza ni jepesi. Zamani askofu wa Roma alichaguliwa na watu wa Roma wenyewe, mapadre na waamini wao. Msidhani mambo yalikuwa shwari siku zote. Mwaka 366 wafuasi wa Damaso na wafuasi wa Ursino walipigana hadi ndani ya kanisa, na Ammianus Marcellinus, mwandishi wa historia ambaye hata Mkristo hakuwa, ameandika kwamba kwa siku moja ziliokotwa maiti 137. Mwaka 1059 Papa Nikola II akatoa sheria kwamba makadinali ndio watangulie katika uchaguzi. Hao walikuwa viongozi wa makanisa ya Roma na ya miji ya jirani. Kwa sababu hiyo mpaka leo karibu kila kadinali, awe wa Manila au wa Tabora, hupewa kanisa moja la Roma liwe lake kwa heshima. La Kadinali Rugambwa ni Santa Maria in Montesanto. Alipopiga kura alihesabika kuwa mmoja wa wenyeji wa Roma. Basi, hilo limekwisha.

La pili ndilo refu, na limewatoa jasho watu wenye elimu kubwa kwa karne nyingi.

Wakristo wa kwanza walikuwa vikundi vidogo vilivyotawanyika katika miji ya bandari na ya njia za biashara: Antiokia, Efeso, Korinto, Aleksandria, Roma. Kila mji ulikuwa na wazee wake, na polepole mmoja kati yao akawa askofu. Roma ilikuwa na mambo mawili ambayo miji mingine haikuwa nayo kwa pamoja. Ulikuwa mji wa Kaisari, na ndiko Petro na Paulo walikouawa na kuzikwa. Kuelekea mwaka 96 Wakristo wa Korinto waliwafukuza wazee wao, na kanisa la Roma likawaandikia barua ndefu kuwaonya wawarudishe. Tunaiita barua ya Klementi. Mkatoliki akiisoma husema: mnaona, Roma tayari inaziangalia nyumba za wengine. Mwingine akiisoma husema: hapana, barua haimtaji askofu yeyote wa Roma, inasema kwa jina la kanisa zima, ni ndugu anamwonya ndugu. Karatasi ni ile ile. Kumbukeni hivyo, maana mabishano haya yote yako namna hiyo.

Kuelekea mwaka 190 askofu wa Roma alikuwa Vikta, na kitabu cha kale cha habari za mapapa kinasema asili yake ilikuwa Afrika. Huyu alikasirishwa na makanisa ya Asia Ndogo yaliyoadhimisha Pasaka kwa kuhesabu siku ya mwezi, hata ikiangukia Jumatano. Yeye alitaka iwe Jumapili tu. Polikrati wa Efeso akamjibu kwamba sisi tumepokea desturi hii kwa wazee wetu, na wazee wetu wamezikwa hapa hapa. Vikta akataka kuwatenga wote. Irenei wa Lyon, ambaye mwenyewe aliadhimisha Jumapili, ndiye aliyemwandikia Vikta apunguze makali, akimkumbusha kwamba mmoja wa waliomtangulia, Aniketo, aliwahi kutofautiana na Polikarpo kuhusu jambo hilo hilo na wakaagana kwa amani. Karne zilivyopita, Jumapili ikashinda. Lakini makemeo ya Vikta siyo yaliyoishindisha.

Sasa twendeni Karthago. Msisikie jina mkadhani ni Ulaya. Ni Afrika, katika Tunisia ya leo, kando ya jiji la Tunis. Mwaka 248 au 249 mji huo ulipata askofu anayeitwa Sipriani, mtu wa mali na ufasaha, aliyekuwa Mkristo kwa muda mfupi tu. Hajakaa sawasawa kwenye kiti, mwaka 250 Kaisari Decius akaamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu ya dola mbele ya maofisa, kisha apewe cheti. Wengine walikataa wakafungwa au wakauawa. Wengine walitoa sadaka. Wengine, wajanja, walitoa rushwa wakapata cheti bila kutoa sadaka. Sipriani mwenyewe alijificha, akaliongoza kanisa lake kwa barua, na maadui zake hawakuacha kusema kwamba mchungaji amekimbia fisi.

Mateso yalipotulia ikabaki kazi ngumu: wenye vyeti wafanywe nini? Huko Roma jambo hilo liliwagawa watu, wakapatikana maaskofu wawili kwa mpigo mwaka 251. Kornelio alikuwa tayari kuwapokea walioanguka wakitubu, Novasiano hakutaka. Wote wawili wakatuma wajumbe Karthago kuomba kutambuliwa. Sipriani hakukurupuka. Alituma maaskofu wake wavuke bahari wakaulize, wakarudi na habari, ndipo akamkubali Kornelio. Wakati huo akaandika kitabu kidogo juu ya umoja wa Kanisa, ambacho kimetufikia kikiwa na sura moja iliyoandikwa kwa namna mbili: katika moja ukubwa wa Petro unasisitizwa sana, katika nyingine umepunguzwa. Wataalamu wengi wanaona zote mbili ni za Sipriani mwenyewe. Alibadilisha kwa nini? Ngojeni mumwone Stefano.

Stefano alikuwa askofu wa Roma tangu 254. Ugomvi wa kwanza ulitoka Hispania. Maaskofu wawili wa huko, Basilides na Martialis, walikuwa wamechukua vile vyeti, wakaondolewa. Basilides akasafiri mpaka Roma, akajieleza vizuri, Stefano akamrudishia heshima yake. Wakristo wa Hispania wakakimbilia Karthago kulia. Sipriani na maaskofu wenzake wakajibu kwamba kuondolewa kwao kunabaki pale pale. Lakini sikilizeni walivyomsema Stefano: hawakumwita mwovu, walisema yuko mbali na mambo hakuyajua, akadanganywa na mtu aliyefika mbele yake na maneno matamu.

Yuko mbali. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipo moyo wa mabishano yote. Vitabu vingi huyasimulia kama ugomvi wa nani mkubwa, nani mdogo. Mimi nikizisoma habari za Waafrika wale naona zaidi watu waliouliza: shauri lililotokea hapa, lenye mashahidi wake hapa, linaamuliwaje na mtu ambaye bahari imo kati yetu na yeye? Sisi wa Tabora, ambao babu zetu walibeba mizigo na barua kutoka Bagamoyo kwa miezi, hatuhitaji kuelezwa sana.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa ubatizo, na ndio uliowaka. Mtu amebatizwa na kundi lililojitenga, tuseme la Novasiano, kisha anataka kuingia Kanisa Katoliki. Abatizwe upya? Afrika ilisema ndiyo, maana aliye nje hana cha kutoa. Roma ilisema hapana, abarikiwe kwa kuwekewa mikono, inatosha, maana ubatizo si mali ya anayebatiza. Stefano akadai desturi ya Roma ifuatwe na wote, na akajitetea kwa kusema kwamba yeye anakalia kiti cha Petro, yule ambaye katika Injili ya Mathayo Yesu alimwita mwamba. Kati ya maaskofu wa Roma ambao habari zao tunazo, yeye ndiye wa kwanza kuonekana akilitumia neno hilo kudai utii.

Sipriani akaita mkutano tarehe 1 Septemba 256. Sauti 87 za maaskofu ziliandikwa, moja moja, nasi tunazo mpaka leo. Wote wakasema abatizwe. Sipriani alifungua kwa kuwaambia kwamba kila mtu aseme analofikiri, maana hapa hakuna anayejifanya askofu wa maaskofu wala kuwatisha wenzake kwa nguvu. Jina la Stefano hakulitaja. Hakuna aliyekuwa na shaka anamsema nani.

Wajumbe wa Afrika walipofika Roma, Stefano hakuwapokea. Firmiliano, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, katika barua yake kali kwa Sipriani anaongeza kwamba Stefano aliwakataza hata Wakristo wa mji wasiwape wageni hao mahali pa kulala. Mji wetu huu umejengwa na misafara. Wazee wa Unyanyembe wangesikia habari hiyo wangetikisa vichwa, kwa kuwa unaweza kumkatalia mgeni shauri lake, lakini mkeka? Firmiliano akasema Stefano alidhani anawatenga wengine, kumbe anajitenga mwenyewe.

Jambo hilo lingefika wapi? Hatutajua, kwa sababu Stefano alifariki Agosti 257, na dola ikaanza kuwatesa Wakristo upya. Sipriani alihamishwa, akarudishwa, na tarehe 14 Septemba 258 akakatwa kichwa Karthago mbele ya watu wake, ambao safari hii waliona kwamba mchungaji hakukimbia. Mwezi mmoja kabla, askofu wa Roma, Sisto II, naye alikuwa ameuawa. Waliobaki walikuwa na mengine ya kushughulikia.

Sasa msije mkafikiri kwamba kwenda Roma kulikuwa ni kiburi cha Roma tu. Katika Unyamwezi wa zamani aliyeonewa na mkubwa wa kijiji alikuwa na mahali pa kulipeleka shauri, kwa mtemi. Asingekuwa na pa kwenda, mkubwa wa kijiji angekuwa mungu mdogo. Mwulizeni Atanasi wa Aleksandria. Huyu aliondolewa kwenye kiti chake mara tano, kwa sehemu kubwa kwa sababu makaisari hawakumpenda. Maaskofu wa mashariki walikuwa wamemhukumu, na aliyemsikiliza ni Julio wa Roma. Umbali ule ule ambao Sipriani aliulalamikia ndio uliomwokoa Atanasi, maana waliomchukia hawakuwa na mkono Roma. Kutokana na kesi yake, mkutano wa maaskofu huko Serdica mwaka 343, mji unaoitwa leo Sofia katika Bulgaria, uliweka kanuni kwamba askofu aliyeondolewa anaweza kukata rufaa Roma, na Papa anaweza kuagiza kesi isikilizwe upya na maaskofu wa jirani. Kanuni hizi ndizo zilizoleta kisa cha yule padre mkorofi.

Jina lake Apiarius, padre wa Sicca, mji unaoitwa sasa El Kef, Tunisia. Askofu wake, Urbano, alimtenga kwa makosa mazito. Apiarius akapanda meli kwenda Roma kwa Papa Zosimus, mwaka 418, na Zosimus akampokea. Kisha akatuma ujumbe Karthago, ukiongozwa na askofu Faustinus, kudai Apiarius arudishwe. Hoja ya Zosimus: kanuni za Mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkubwa wa mwaka 325, zinaruhusu rufaa kwenda Roma.

Maaskofu wa Afrika walikutana mwaka 419 chini ya Aurelio wa Karthago, na miongoni mwao alikuwepo Agostino wa Hippo, yule Agostino mwenyewe. Wakafungua nakala zao za Nikea. Hawakuziona kanuni hizo. Wangeweza kupiga kelele. Wangeweza kumwita Papa mwongo. Wao walisema kwa adabu: tutazifuata kwa sasa, ila tutaandika Aleksandria na Konstantinopoli watuletee nakala halisi. Wakaandika. Sirili wa Aleksandria akajibu, Atiko wa Konstantinopoli akajibu, nakala zikaja, na kanuni zile hazikuwemo. Zilikuwa za Serdica. Roma zilikuwa zimeandikwa kitabu kimoja na za Nikea, zikachukuliwa kuwa ni za Nikea. Mimi siamini kwamba Zosimus alidanganya kwa makusudi. Naamini alifungua kitabu cha nyumbani kwake akakiamini, na hilo linafundisha zaidi kuliko udanganyifu.

Apiarius alikuwa amekwisha kusamehewa na kuhamishiwa mji mwingine, Thabraca. Huko akafanya maovu tena. Akatengwa tena. Akaenda Roma tena! Sasa Papa alikuwa Selestino, naye akampokea, naye akamtuma Faustinus yule yule. Kesi ikasikilizwa Karthago. Siku tatu Faustinus alimtetea mteja wake kwa nguvu zote, na siku ya tatu Apiarius mwenyewe, ghafla, akakiri yote, mambo ya aibu ambayo hata washtaki walikuwa hawajayamaliza kuyataja. Napenda kuufikiria uso wa Faustinus saa ile.

Maaskofu wa Afrika wakamwandikia Selestino barua ambayo, kwangu mimi, ni moja ya barua bora za Afrika ya kale. Wanamwomba asiwe mwepesi kuwapokea waliohukumiwa. Wanauliza kama inaaminika kwamba Mungu atampa mtu mmoja hekima ya kuhukumu, kisha awanyime maaskofu wengi waliokutana mahali pamoja. Na wanauliza hukumu ya ng'ambo itakuwaje ya haki wakati mashahidi wanaohitajika hawawezi kuvuka bahari, kwa uzee, kwa udhaifu au kwa vikwazo vingine. Hawakukana kwamba Roma ni kiti cha heshima. Walikataa kwamba Roma inaweza kuona kilichotokea Sicca.

Kule mashariki mambo yalikwenda kwa njia yake. Katika Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, barua ya Papa Leo I ilisomwa na maaskofu wakapaza sauti kwamba Petro amesema kwa kinywa cha Leo. Mkutano huo huo ukakipa kiti cha Konstantinopoli heshima ya kufuata baada ya Roma, kwa kuwa ndio mji mpya wa Kaisari, na Leo akakataa katakata. Wamisri wengi waliukataa mtaguso wenyewe, na Ethiopia ikasimama na Aleksandria, iliyokuwa ikiwapa Waethiopia askofu wao mkuu tangu karne ya 4. Iliendelea hivyo mpaka karne ya 20. Ni mwaka 1959 tu Ethiopia ilipopata patriarki wake mwenyewe. Kwa hiyo hata Afrika Mashariki swali la neno la mwisho halikuwa la Roma peke yake.

Na sauti ya Karthago? Wavandali waliuteka mji mwaka 439, Waarabu mwaka 698, na kanisa lile lenye maaskofu mamia likadhoofika mpaka likazimika. Huwa nafikiri kwamba jambo hili halisemwi vya kutosha. Upande wa magharibi hapakuwa na kiti kingine kilichodai mtume kama Roma, na wabishi hodari wa magharibi walikuwa wa Afrika. Walipotoweka, Roma ilibaki bila mtu wa kuiambia, kwa heshima, tuoneshe nakala. Mamlaka ya Papa yalikua kwa hoja, ndiyo, na kwa utakatifu wa baadhi ya mapapa, lakini yalikua pia kwa kukosa wa kubishana nao.

Tuje nyumbani. Mwaka 1870, tarehe 18 Julai, Mtaguso wa kwanza wa Vatikano ulitamka kwamba Papa ana mamlaka kamili juu ya Kanisa zima, na kwamba anapotamka rasmi fundisho la imani au maadili kwa ajili ya Kanisa lote hawezi kukosea. Si kwamba hakosei lolote. Akikwambia kesho mvua itanyesha, angalia mawingu mwenyewe. Mmoja wa maaskofu wa kizazi hicho alikuwa Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye mwaka 1868 alikuwa ameanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika. Walivaa kanzu nyeupe kama watu wa Afrika Kaskazini, ndiyo maana watu wakawaita Mapadre Weupe. Baadaye, mwaka 1884, Papa Leo XIII alikifufua kiti cha Karthago akampa Lavigerie. Fikirieni: kiti cha Sipriani kinakaliwa na mtu wa karibu kabisa wa Papa. Sipriani angeduwaa.

Leo XIII huyo alichaguliwa tarehe 20 Februari 1878. Siku nne baadaye ikatolewa hati ya kumkabidhi Lavigerie utume wa maeneo ya maziwa makuu. Mwezi Juni wamisionari kumi walikuwa Bagamoyo wakitafuta wapagazi, na wakaanza njia ile ile ya pembe na ya watumwa, kupitia Ugogo mpaka Unyanyembe. Padre Pascal, kiongozi wa waliokuwa wakienda Ziwa Tanganyika, alifariki njiani mwezi Agosti. Tabora ndipo msafara ulipogawanyika: Padre Léon Livinhac na wenzake wakaelekea kaskazini, Nyanza na Buganda, wengine magharibi, Ujiji. Wakati huo huo Waprotestanti wa London walikuwa njiani na wao, na mtemi Mirambo wa Urambo akiwapima wageni wote kwa jicho lake.

Miaka michache baadaye Mapadre Weupe walikuwa na kituo Kipalapala, karibu na mji. Mwaka 1887 Livinhac, ambaye sasa alikuwa askofu, alimweka wakfu pale Jean-Baptiste Charbonnier kuwa askofu kwa ajili ya Tanganyika. Sasa watoto wa kumbukumbu nzuri wataniuliza: Nikea, mwaka 325, haikusema kwamba askofu awekwe wakfu na maaskofu wasiopungua watatu? Ilisema. Lakini katika nchi za misheni Papa alizoea kutoa ruhusa askofu mmoja atende akisaidiwa na mapadre, kwa kuwa kungoja maaskofu watatu wakutane kwenye njia ya misafara ni kungoja milele. Umbali tena. Kwa Sipriani ulikuwa hoja ya kuizuia Roma isiingilie. Kipalapala ulikuwa sababu ya Roma yenyewe kulegeza kamba.

Maaskofu wa namna hiyo waliitwa vikari wa kitume, na maana yake ni kwamba waliongoza kwa niaba ya Papa. Nchi haikuwa jimbo lao. Eneo letu lilianza mwaka 1887 kwa jina la Unyanyembe, likaitwa Tabora mwaka 1925. Tarehe 25 Machi 1953 mambo yakabadilika: Papa Pius XII akaweka majimbo kamili Tanganyika, yenye majimbo makuu mawili, Dar es Salaam na Tabora. Askofu Mkuu wa kwanza wa Tabora alikuwa Mholanzi, Cornelius Bronsveld. Tangu 1960 akawa Marko Mihayo, mwana wa nchi. Kisha mwaka 1964, katika Mtaguso wa pili wa Vatikano, maaskofu wakatamka kwamba wao pamoja na Papa, na kamwe si bila yeye, hulitunza Kanisa zima, na kwamba askofu si mjumbe tu wa Papa. Katika hati ya tamko hilo Sipriani ananukuliwa. Alirudi mlango wa mbele.

Lakini Tabora siyo ya Wakatoliki peke yao, na jirani ana jibu lake. Wamoraviani walifika Urambo mwaka 1898. Asili ya kanisa lao ni wafuasi wa Jan Hus, padre wa Bohemia aliyechomwa moto mwaka 1415 kwa amri ya Mtaguso wa Konstanz. Mtaguso huo huo ulikuwa umeitwa kumaliza aibu ya watu watatu waliodai kwa wakati mmoja kuwa Papa! Wamoraviani wana maaskofu, Teofilo Kisanji ni jina kubwa katika nchi hii, ila askofu wao ni mchungaji wa wachungaji, siyo mtawala. Neno la mwisho ni la sinodi, na sinodi yao ya dunia nzima hukutana kila baada ya miaka saba. Wale maaskofu 87 wa Karthago wangejisikia nyumbani kwa kiasi fulani, ingawa wangeuliza Petro amekwenda wapi.

Na ule ugomvi wa ubatizo uliishia wapi? Mkutano wa Arles, mwaka 314, uliamua kwa upande wa Roma. Leo Mmoraviani wa Tabora akitaka kuingia Kanisa Katoliki, paroko haandai maji. Anaomba cheti cha ubatizo, anampa mafundisho, kisha anampokea. Hiyo ni hukumu ya Stefano, inafanya kazi ofisini kwa paroko baada ya miaka zaidi ya 1,700.

Mkifungua kalenda ya kanisa mtamkuta Sipriani tarehe 16 Septemba, pamoja na rafiki yake Kornelio. Stefano, aliyeshinda, alikuwa na siku yake tarehe 2 Agosti, lakini kalenda ilipopangwa upya mwaka 1969 aliondolewa kwenye orodha ya dunia nzima.